Mpala Lilikuwa Jina la Mtu

Tarehe 14 Februari 1869 msafara uliteremka kutoka milimani ukafika mdomoni mwa mto Lufuko, ufukoni mwa magharibi ya ziwa Tanganyika. Katikati ya mizigo alikuwemo mzungu mgonjwa, amelazwa juu ya kitanda cha fito, anabebwa mabegani. Mapafu yalikuwa yamemzidia, anakohoa usiku kucha, miguu haimpeleki popote. Mzungu huyo alikuwa David Livingstone. Huenda asingefika ziwani akiwa hai lau si Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyemlea njia nzima. Siku ile, kwenye daftari lake, Livingstone aliandika kwamba amewasili Tanganyika, na kwamba nchi ya hapo penye mdomo wa mto inaitwa Parra.

Ndivyo sikio la Mskoti lilivyosikia. Wenyeji walikuwa wakisema Mpala.

Ufukoni palikuwa na mitumbwi mikubwa ya Said bin Habib, mtu aliyekwisha kulivuka bara hili mpaka Luanda, kwenye bahari ya Atlantiki. Livingstone alingoja, akapata nafasi ndani ya mtumbwi, na tarehe 14 Machi akashuka Ujiji. Wasimuliaji wengi humfuata yeye. Huvuka naye ziwa, humfuata mpaka Stanley alipomkuta Ujiji, na Mpala huachwa nyuma kama gati la kupandia mtumbwi tu. Mimi nitabaki Mpala.

Ukitoka mji wa Kalemie kwa boti ukielekea kusini, mkono wako wa kulia hauachani na milima. Ziwa lenyewe ni ufa uliojaa maji. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, kina chake kinafika mita 1,470, na nyanda za Marungu, nyuma ya ufuko, hupanda kupita mita 2,400. Mahali pengi jabali linaingia majini moja kwa moja, hata pa kuvutia mtumbwi hapana. Pale tu mto ulipochonga bonde na kumwaga mchanga wake ndipo watu hupata kipande cha nchi tambarare, pa kulima mihogo na pa kuanikia dagaa, ambao huku huitwa ndagala. Lufuko imewapa watu wake kipande cha namna hiyo. Kijiji kilichopo hapo huitwa Lubanda, na jina hilo lingalipo midomoni mwa watu hata pale ramani inaposema Mpala.

Ufuko nao haukai mahali pamoja. Alipopita Mwingereza Cameron mwaka 1874, mto Lukuga, tundu pekee la kutolea maji ya ziwa hili, ulikuwa umezibwa na majani na matope. Maji yakapanda mpaka yakafurika, na kuanzia 1878 yakalikata lile tuta na kwenda zake kuelekea mto Kongo. Ndani ya miaka kama 15 ziwa lilishuka karibu mita 10. Ng'ambo ya pili, boma la Wabelgiji la Karema, lililojengwa 1879 karibu na maji, lilijikuta limeachwa nchi kavu, ziwa likionekana kwa mbali. Miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia nyumba za watu Kalemie. Na tarehe 5 Desemba 2005 ufa ulijikumbusha: tetemeko la kipimo cha 6.8, kitovu chake ziwani humu humu, lilibomoa nyumba Kalemie na kusikika mpaka Nairobi.

Nayasema haya ya maji na mawe kwa sababu watu wa Mpala hawakuwahi kuyachukulia kama mandhari tu. Ni Watabwa, majirani wa Waholoholo kwa upande wa kaskazini na Waluba kwa upande wa magharibi, na lugha yao ya Kitabwa ni ndugu wa karibu wa Kibemba. Kwao, mlima una mwenyewe. Mwenyewe huyo anaitwa ngulu. Si mzimu wa babu wala bibi, wala hakuwahi kuzaliwa na mtu. Ni roho ya nchi yenyewe, inayokaa kilimani, pangoni, kwenye chemchemi au penye maporomoko ya mto, na mara nyingine hujionyesha kwa umbo la nyoka mkubwa. Samaki wakipotea, mvua ikikawia, mwindaji akirudi mikono mitupu siku nyingi mfululizo, swali la kwanza lilikuwa: ngulu wa hapa kakosewa nini? Sadaka zenyewe zilikuwa nyepesi: unga mweupe, shanga, na maneno ya heshima. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliwacheka wapiga makasia wao waliokuwa wakitupa shanga majini kila walipozunguka rasi yenye sifa. Lakini aliyewahi kukutwa na upepo wa Tanganyika kwenye rasi, wimbi linapiga jabali upande huu na kina kisicho na mwisho upande ule, hacheki sana.

Mababu walikuwa na heshima yao mbali. Wao walichongewa sanamu za mti, mikisi, zikawekwa ndani ya nyumba ya mkubwa wa ukoo. Mkisi wa Kitabwa unatambulika kirahisi: mwili umesimama wima, mikono imeshikilia tumbo au kiuno, chale zimepangwa usoni na kifuani, na mara nyingi nywele zimesukwa zikashuka mgongoni. Mapacha, mpundu, walikuwa na taratibu zao wenyewe, na nyimbo ambazo siku nyingine mtu mzima angeona haya kuziimba. Halafu kuna mwezi. Pembetatu zilizopangwa mstari mmoja, ambazo utaziona kwenye vikapu, mikeka, vilemba vya shanga na hata kwenye chale za ngozi, huitwa balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Usiku ule mmoja au miwili ambao mwezi hauonekani ulikuwa wakati wa hofu, wa wachawi na wa wanyama wakali. Mwezi ukiandama, watu hupumua.

Desturi moja nitaikalia kidogo, maana bila hiyo kisa chenyewe hakieleweki. Urithi wa Watabwa hufuata mama. Mwanaume hamrithi baba yake. Humrithi mjomba wake, au kaka yake mkubwa kwa mama mmoja. Na anachorithi si mashamba na mikuki peke yake. Anarithi jina. Mkubwa akifa, mrithi wake huvaa jina lile, na pamoja na jina anavaa undugu wote uliofungamana nalo: wake, watoto, madeni, mapatano na ugomvi. Mzee anaweza kukusimulia safari aliyokwenda “yeye” miaka mia iliyopita, naye hadanganyi. Mpala lilikuwa jina la aina hiyo. Lilikuwa jina la mtu, na watu walipita ndani yake mmoja baada ya mwingine, kama wapangaji ndani ya nyumba moja. Nchi ya mdomoni mwa Lufuko ikaitwa kwa jina la mkubwa wake, kama ilivyo kawaida huku.

Miaka ya 1870 nchi hii ilikuwa imekwisha kuguswa na biashara ya Unguja na Ujiji. Misafara ilivuka ziwa kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ikaacha bunduki, baruti, vitambaa, shanga na Kiswahili. Bunduki zilibadilisha hesabu ya ukubwa. Zamani mkubwa alikuwa yule mwenye ukoo mpana na heshima kwa ngulu wa nchi. Sasa kijana mwenye bunduki arobaini aliweza kumla mkubwa mwenye ukoo wa karne tatu. Mmoja wa wakubwa wapya hao alikuwa Lusinga. Kijiji chake chenye ngome kilikuwa juu, katika milima ya Mugandja, na kutoka huko vijana wake waliteremka kuteka watu na kuwauza kwa misafara. Mskoti Joseph Thomson alipopita Marungu mwaka 1879 alimtembelea Lusinga, na hakuondoka na picha ya mtu mpole. Nadhani tuseme wazi tangu sasa: Lusinga hakuwa mtakatifu. Watu wengi waliuzwa kwa mkono wake. Kilichompata baadaye hakimfanyi kuwa mtu mwema, na ubaya wake haukifanyi kuwa haki kilichompata.

Huku nyuma, mwezi Septemba 1876, mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwakusanya wanajiografia na wapelelezi jijini Brussels, akaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Kwa nje ilikuwa ya sayansi na ya kukomesha utumwa. Kwa ndani mfalme alikuwa anatafuta nchi. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier akaanzisha kituo cha Karema, mashariki ya ziwa, na mwaka 1882 akaja kukishika luteni mmoja wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms, aliyezaliwa Wetteren mwaka 1846. Pamoja na barua za kawaida alikuwa na agizo la siri: avuke ziwa, aweke vituo kuelekea magharibi, akutane na watu wa Stanley waliokuwa wanapanda mto Kongo kutoka upande wa pili, ili mstari wa mzungu upite katikati ya bara bila kukatika.

Mwezi Mei 1883 Storms alivuka, akashuka Lubanda. Mkubwa aliyekuwa ndani ya jina la Mpala wakati ule hakuwa na bunduki nyingi. Juu yake, mlimani, alikuwako Lusinga. Mgeni aliyekuja na wangwana wa pwani na rugaruga, yaani askari wa kukodiwa, wenye silaha nzuri alikuwa mzigo, lakini pia alikuwa kinga. Mpala akafanya kile ambacho mtu mwenye busara wa nchi zile angefanya: akamfanya mgeni kuwa ndugu.

Undugu wa kuchanjiana ulijulikana kote maziwa makuu. Wawili hukaa wakitazamana. Kila mmoja huchanjwa kidogo, kifuani au mkononi, damu inapakwa kwenye kipande cha nyama au ini, mmoja anakula ya mwenzake. Pembeni mtu anasimama akigonganisha chuma na chuma na kutaja laana moja baada ya nyingine: ukimficha chakula nduguyo, ukimkimbia vitani, ukiwasikia wanaomteta ukanyamaza, basi damu hii ikuvimbe tumboni. Wapelelezi wa Ulaya walichanjwa mara nyingi sana hata baadhi yao wakawa wanahesabu makovu kwa mzaha. Kwao ilikuwa hati ya kupitia, kama muhuri wa forodha. Kwa aliyewachanja ilikuwa ukoo. Storms alipochanjiana na Mpala, kwa macho ya wenyeji aliingia ndani ya nyumba ya jina lile, na mambo ya nyumba ile yakawa yake: maadui, maziko, na hata neno kuhusu nani arithi.

Alijenga boma la kuta nene za udongo, na watu wakampa jina: Bwana Boma. Ulaya wenzake walimtania kwa jina jingine, Mfalme Mkuu wa Tanganyika, Émile wa Kwanza. Utani huo haukuwa mbali na ukweli. Kufikia 1884 alikuwa anapokea kodi, anaamua mashauri, anatuma rugaruga wake kuviadhibu vijiji vilivyokataa kumtii. Mwaka huohuo ndui ilipita, na Mpala akafa. Ndugu yake wa damu alibaki na bunduki, boma, na jina la marehemu juu ya kituo chake.

Lusinga hakukubali kumtambua. Sidhani kama angeweza. Wakubwa wawili waliokuwa wanakula nchi moja kwa njia moja, yaani bunduki na kodi, hawakuwa na mahali pa kukutana. Tarehe 4 Desemba 1884, rugaruga wa Storms wapatao mia moja, pamoja na watu wa Mjerumani Paul Reichard aliyekuwa ametoka Katanga, walipanda Mugandja. Storms mwenyewe alibaki chini. Lusinga aliuawa mbele ya watu wake, kijiji kikachomwa, wanawake na watoto wakatekwa, na kichwa chake kikakatwa na kuteremshwa Lubanda. Jinsi alivyouawa, daftari la Storms linasema lake na wazee wa Lubanda wanasema lao. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Allen Roberts, aliishi Lubanda katikati ya miaka ya 1970, akayasikia ya wazee, akayasoma ya Storms, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima juu ya masimulizi hayo mawili yanayogombana. Katika moja, ni adhabu ya jambazi. Katika jingine, ni kifo cha mkubwa, kilichojaa hila, ngoma na dalili za mbinguni.

Pamoja na kichwa, waliteremsha mkisi. Ni sanamu ya babu wa Lusinga, mti mweusi uliong'arishwa kwa mafuta na mikono ya vizazi, macho yamefumba nusu, nywele zimesukwa. Vichwa vya wakubwa wengine wawili, Maribou na Mpampa, viliingia pia katika mizigo ya Storms. Kwa mtu wa kawaida wa Lubanda, kukata kichwa cha adui halikuwa jambo geni. Wapiganaji wa wakati ule walifanya hivyo. Lakini kichwa cha adui kilikuwa kinabaki nchini, kikiwa na jina lake, na ugomvi wake ulikuwa na njia ya kumalizika. Kukifunga ndani ya sanduku na kukivusha ziwa, kisha bahari, lilikuwa jambo lisilo na jina katika desturi yoyote ya huku.

Kisha mambo yakageuka haraka. Baada ya mkutano wa Berlin nchi ziligawanywa. Karema ikaangukia upande wa Wajerumani, Mpala upande wa Leopold. Mfalme, ambaye sasa alikuwa anaitazama njia ya mto Kongo, hakuona tena faida ya kulipia vituo vya Tanganyika. Akavitoa kwa Mapadre Weupe wa kardinali Lavigerie. Katikati ya 1885 Storms alifunga mizigo yake akarudi Ulaya, na mapadre Moinet na Moncet wakaingia Mpala. Walikuta boma, wakalifanya misheni. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya rugaruga ukawa ukuta wa kanisa na wa mabweni ya watoto waliokombolewa kutoka kwenye misafara ya watumwa.

Lavigerie aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na kwa ufalme alihitaji askari. Akampata Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyezaliwa Saint-Herblon mwaka 1842, aliyewahi kupigana katika jeshi la Papa. Joubert alifika Mpala tarehe 20 Machi 1887. Aliwafunza vijana wa misheni kupanga mstari, kulenga na kulala macho, maana Rumaliza wa Ujiji, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, alikuwa na nguvu ziwani, na watu wake waliitaka Marungu. Mwezi Februari 1888 Joubert alimwoa Agnes Atakaye, binti wa hapo hapo. Mzungu wa cheo chake kufunga ndoa ya kanisani na mwanamke Mwafrika mwaka ule, na kukaa naye mpaka kufa, lilikuwa jambo lililowashangaza hata baadhi ya mapadre. Walizaa watoto wengi. Wawili katika wana wao wakawa mapadre. Baada ya Wabelgiji kuja kwa nguvu mwishoni mwa 1891 na kuanzisha Albertville, Kalemie ya leo, hatari ya Rumaliza ilipungua, kisha ikaisha. Joubert hakurudi kwao. Alifariki Misembe, karibu na Moba, mwaka 1927, mzee wa miaka 85.

Mpala yenyewe ilianza kusinzia. Askofu Victor Roelens aliyapenda zaidi maeneo ya kusini, ambako ilianzishwa Baudouinville mwaka 1893, ndiyo Moba-Kirungu. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani Albertville, na kuanzia hapo kila mzigo, kila kijana anayetafuta kazi, kila habari, ilipitia kaskazini. Mdomo wa Lufuko ukabaki na kanisa, shule na wavuvi.

Shule hiyo, hata hivyo, isipitwe. Mwishoni mwa karne ya 19 alipokelewa hapo kijana wa Kitabwa kutoka milimani Marungu, Stefano Kaoze. Alisoma Mpala, kisha Lusaka ya huku, ile seminari iliyo milimani. Akiwa bado mseminari, mwaka 1910, jarida moja la Ubelgiji lilianza kuchapisha maandishi yake kwa Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu. Sehemu kubwa ya alichoeleza ni watu wa kwao: wanavyofikiri, wanavyoapa, wanavyoogopa, wanavyozungumza na wafu. Mapadre wake walikuwa wakiyapiga marufuku mambo hayohayo. Chama cha siri cha Butwa kilihesabiwa ushetani, bulumbu, yaani uganga wa kupandisha roho, ulifukuzwa vijijini mwa misheni, na mikisi ama ilichomwa ama ilipelekwa makumbusho. Kaoze hakusimama kuitetea mikisi. Alikuwa mtoto wa misheni, na aliamini alichofundishwa. Lakini aliandika kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mgeni mama yake mzazi. Tarehe 21 Julai 1917 Roelens alimpa upadre huko Baudouinville: padre wa kwanza Mkongomani wa zama mpya. Alifariki Albertville mwaka 1951. Kwa maoni yangu, kama Mpala ingetaka kujivunia mtu mmoja tu, isingekuwa Bwana Boma wala Joubert.

Ya baadaye nitayapita upesi, kwa kuwa ni historia ya mkoa mzima. Uhuru ulikuja 1960. Waasi wa Simba waliishika Albertville kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti 1964. Mji ukabadilishwa jina kuwa Kalemie. Vita vya 1998 vilipita na majeshi ya nchi kadhaa. Kila mara ziwa lilikuwa njia ya kukimbilia Tanzania, na kila mara kuna waliorudi. Usiku usio na mbalamwezi bado wavuvi hutoka na taa zao kuwavuta ndagala, kwa hiyo giza la mwezi, lililokuwa wakati wa hofu, ndilo soko sasa. Ngulu hawakuhama. Watu wanakwenda misa Jumapili, na wapo wanaoujua mlima fulani na kinachopaswa kusemwa pale, ingawa hawalisemi hilo mbele ya padre.

Nirudi kwenye lile sanduku. Storms alifika Ubelgiji na vichwa vitatu, vimekwisha kuwa mafuvu. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima mbele ya chama cha anthropolojia cha Brussels: urefu, upana, pembe ya taya. Kutokana na vipimo vya fuvu la Lusinga aliandika hukumu juu ya taifa zima la watu ambao hakuwahi kuwaona. Kisha mafuvu yakarudi nyumbani kwa Storms. Alipanda cheo mpaka ujenerali, akafa 1918, na mjane wake aliendelea kuishi ndani ya nyumba iliyopambwa kwa mikuki na mikisi ya Tanganyika. Mwaka 1935 yeye ndiye aliyetoa vitu vile, pamoja na mafuvu, kwa makumbusho ya Tervuren. Sanamu ya babu wa Lusinga ikawekwa mahali pa heshima. Leo inatajwa miongoni mwa hazina za makumbusho yale. Mafuvu yalihamishwa mwaka 1964 kwenda taasisi ya sayansi asilia ya Brussels, yakapewa namba, yakawekwa kabatini.

Hakuna aliyeuliza kwa sauti mpaka 2018, mwandishi Michel Bouffioux alipoandika habari zake katika gazeti la Ubelgiji. Aliyasema ambayo wanazuoni wachache walikuwa wakiyajua tayari, lakini sasa walisoma watu wa kawaida. Wakongomani waishio Brussels wakaenda kusimama mbele ya sanamu ya kichwa na mabega ya Storms, iliyokuwa kwenye bustani ya Square de Meeûs, wilaya ya Ixelles. Ilikuwa kejeli iliyo wazi: mkata vichwa alikuwa na kichwa chake cha shaba bustanini, na Lusinga cha kwake kabatini. Mwaka 2022 sanamu ile iliondolewa. Mwezi Juni wa mwaka huohuo jino la Patrice Lumumba, sehemu pekee ya mwili wake iliyokuwa imebaki, lilikabidhiwa kwa familia yake na kurudi Kongo.

Tukumbuke desturi ya jina. Kwa hesabu ya Watabwa, Mpala hakufa kwa ndui mwaka 1884, wala Lusinga hakuishia Mugandja. Warithi wa upande wa mama huvaa majina, na pamoja nayo huvaa madai yote. Kwa hesabu hiyo aliye kabatini Brussels si kiungo cha mtu wa kale asiye na wenyewe. Ana wajomba, ana wapwa, na undugu ule wa kuchanjiana uliofanyika Lubanda mwaka 1883 haujafutwa na mtu yeyote.

Mwaka 2022 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria inayoruhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni kurudishwa. Sheria hiyo inahusu vitu. Mabaki ya binadamu hayamo.